Jibu la daktari wa mifupa: "Mwanangu anasema atarudi uwanjani kama Alex Smith"

*"Shikamoo daktari. Tunaishi Texas, mimi na baba watoto ni wenyeji wa Tanga. Kijana wetu ana miaka 16, anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni, nafasi ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Mwezi wa kumi aliangukiwa na wachezaji wawili, mguu wa kulia ukavunjika mifupa yote miwili chini ya goti, ncha ya mfupa ikatoboa ngozi. Walimpasua usiku uleule wakaweka chuma ndani ya mfupa. Sasa ni wiki ya tisa, anatembelea gongo moja. Kidonda kimefunga vizuri, ila pale mfupa ulipotokea kuna kitundu kinatoa majimaji kidogo tangu wiki iliyopita, nadhani ni kwa sababu anakuna. Chumbani kwake kuna picha ya Alex Smith. Anasema yule aliumia kuliko yeye na akarudi, kwa hiyo yeye Agosti atakuwa uwanjani. Baba yake hataki hata kusikia. Nampikia supu ya kongoro kila siku, na watu wananiambia mfupa ukishaunga unakuwa mgumu kuliko mwanzo. Ni kweli? Na huyo Alex Smith alirudije? Niambie ukweli, usinibembeleze."*

Marahaba mama, na poleni sana nyumbani.

Umesema nisikubembeleze, basi naanza na lile uliloliandika kama la kupita tu: kitundu kinachotoa majimaji. Mguu uliovunjika hadi mfupa ukatoboa ngozi, wenye chuma ndani, hautakiwi kuvuja chochote wiki ya tisa. Inawezekana ni uzi wa mshono unaotafuta njia ya kutoka, jambo dogo. Inawezekana pia ni maambukizi yanayotoka ndani, kwenye mfupa au kwenye chuma. Mimi kwa maandishi siwezi kutofautisha, na wewe kwa macho huwezi. Mpigie simu daktari aliyempasua leo, usingoje miadi ya mwezi ujao. Kidonda kifunike kwa bandeji safi. Usikikamue, usipake asali wala unga wa dawa, na usimpe vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini, kwa sababu vinaweza kuwaficha wale bakteria ambao daktari anataka kuwaotesha maabara ili ajue ni dawa gani inawaua. Akipata homa au kutetemeka, ngozi ikawa nyekundu na wekundu unatambaa, yakatokea malengelenge au rangi ya zambarau, au maumivu yakapanda ghafla kupita anayoyajua, hapo si simu ya daktari tena, ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.

Nimeanza hapo makusudi, kwa sababu ndipo hadithi ya Alex Smith, yule kwotabeki wa timu ya Washington, ilipo hasa. Watu wengi wanaikumbuka kama hadithi ya mfupa. Mfupa haukuwa tatizo kubwa.

Tuanze na siku yenyewe. Tarehe 18 Novemba 2018, Washington walikuwa nyumbani wakicheza na Houston Texans. Robo ya tatu, Smith akiwa na mpira mkononi, Kareem Jackson na J.J. Watt walimfikia kwa pamoja. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekita chini, njumu zimeshika nyasi, na juu yake mwili ukazungushwa na uzito wa watu wawili. Mfupa ukikatwa kwa kupindwa namna hiyo hauvunjiki kama fimbo iliyopigwa gotini. Unavunjika kwa mzunguko, mfano wa kitambaa unachokikamua, na ncha zake zinabaki kali kama kisu. Pale mbele ya mguu, kwenye ugoko, hakuna nyama ya kuukinga. Jipapase mwenyewe: ni ngozi, kisha mfupa. Ndiyo maana mvunjiko wa ugoko unatoboa ngozi kirahisi kuliko wa paja. Hapa kwetu naona majeraha ya aina hiyo kila wiki kutoka kwenye bodaboda, tofauti ni kwamba yanakuja na mchanga wa barabarani badala ya nyasi za uwanja.

Kuna kisa cha pembeni ambacho mashabiki wa Washington hawachoki kukisimulia. Miaka 33 kabla, tarehe hiyohiyo, 18 Novemba 1985, kwotabeki wa timu hiyohiyo, Joe Theismann, alivunjwa mguu wa kulia na Lawrence Taylor wa New York Giants mbele ya televisheni ya nchi nzima. Matokeo ya mechi zote mbili yalikuwa 23 kwa 21. Theismann hakucheza tena. Na siku Smith alipoumia, Theismann alikuwepo uwanjani akitazama.

Smith alipasuliwa, mifupa ikapangwa. Kama mambo yangeishia hapo, angekuwa mchezaji mwingine mwenye vyuma mguuni. Siku chache baadaye homa ikapanda, shinikizo la damu likashuka, na walipofungua bandeji walikuta malengelenge na ngozi iliyokwisha kuwa nyeusi. Bakteria walikuwa wamekamata ule utando unaofunika misuli. Ukienda buchani utauona: ile ngozi nyembamba nyeupe inayoteleza juu ya nyama, ambayo muuzaji huichuna kwa kisu. Bakteria wakiingia hapo wanakimbia kwa kasi, kwa sababu ni njia iliyonyooka toka chini hadi juu ya mguu. Wakipita wanaziba mishipa midogo ya damu. Sasa fikiria: dawa tunazochoma husafirishwa na damu. Kama damu haifiki, dawa nayo haifiki. Ndiyo maana ugonjwa huu hautibiwi kwa dripu peke yake, unatibiwa kwa kisu. Kila nyama iliyokufa inakatwa, na kesho yake unarudi tena kuangalia ni ipi nyingine imekufa usiku.

Kufikia hapo maambukizi yalishaingia kwenye damu, na swali halikuwa kama atacheza. Lilikuwa kama ataishi, na kama kuishi kwake kunadai mguu ukatwe. Familia na madaktari walichagua kuutetea mguu. Walichukua misuli kutoka paja lake la kushoto wakaihamishia kulia ili mfupa upate nyama na damu ya kuufunika. Akafungwa vyuma vya nje, vile ambavyo wodini wagonjwa huviita antena, akakaa navyo miezi mingi hadi katikati ya 2019. Jumla ya mara alizopasuliwa ni 17. Mwaka 2020 aliruhusu picha za mguu ule zioneshwe kwenye televisheni. Mimi nimezoea kazi hii, lakini nilisimamisha picha nikanywa maji kwanza.

Kwa hiyo mwanao yuko sahihi kwamba Smith aliumia kuliko yeye. Anachokosea ni kudhani kwamba kama aliyeumia zaidi alirudi, basi aliyeumia kidogo atarudi mapema. Tupige hesabu. Kutoka siku alipoumia hadi alipokanyaga tena uwanja kwenye mechi, tarehe 11 Oktoba 2020 dhidi ya Los Angeles Rams, zilipita siku 693. Karibu miaka miwili kamili. Na siku hiyo hakuingia kwa shangwe ya kupangwa, aliingia kwa sababu Kyle Allen, kwotabeki aliyeanza mechi, aliumia. Mtu wa kwanza kumrukia mgongoni alikuwa Aaron Donald, mmoja wa mabeki wa kutisha kuliko wote wa zama zake. Mguu ukastahimili. Lakini takwimu zake za siku hiyo zilikuwa pasi 9 zilizofika kati ya 17, yadi 37 tu, na aliangushwa na mpira mkononi mara 6. Timu yake ikafungwa 30 kwa 10. Mwambie kijana aisome hiyo pia.

Halafu, naam, yakaja mazuri. Alianza mechi 6 msimu ule, akashinda 5, ikiwemo ya Pittsburgh ambao walikuwa hawajapoteza hata mechi moja kati ya 11. Washington wakachukua kundi lao wakiwa na ushindi 7 na vipigo 9, kundi lilikuwa dhaifu mno mwaka ule, tuseme ukweli. Smith akapewa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa kishindo. Mechi ya mtoano hakuicheza kwa sababu ya maumivu ya misuli ya mguu uleule. Machi 2021 timu ikamwacha, Aprili akatangaza kustaafu, akiwa anakaribia miaka 37.

Nimekueleza urefu huu kwa sababu umeuliza alirudije, na jibu la haraka ambalo kila mtu analitoa ni "moyo". Moyo alikuwa nao, sibishi. Lakini mimi nikiangalia naona vitu vingine vitatu ambavyo havionekani kwenye ile picha ya ukutani.

Kwanza, fedha na kazi. Mkataba aliosaini na Washington ulikuwa wa dola milioni 94, na milioni 71 kati ya hizo zilikuwa na uhakika hata akiumia. Aliweza kukaa miaka miwili kazi yake ikiwa ni moja tu, kupona. Alipata hata ruhusa ya kwenda kufanya mazoezi kwenye kituo cha jeshi, Center for the Intrepid, huko kwenu San Antonio, kilichojengwa kwa ajili ya askari waliorudi na miguu iliyokatwa au kuharibiwa na mabomu. Usimpeleke mwanao huko ukadhani watamfungulia mlango. Ni cha wanajeshi. Ila mbinu zao nyingi leo zinafanyika kwenye kliniki za kawaida za fiziotherapia.

Pili, mguu aliorudi nao haukuwa ule wa zamani. Unyayo wake ulikuwa unaning'inia, kwa sababu misuli na neva za kuunyanyua ziliondoka na ile nyama iliyokatwa. Alicheza akiwa amevaa kifaa cha kushikilia kifundo. Kwa kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia, mguu wa kulia ndio wa nyuma, ndio unaosukuma ardhi ili nguvu ipande kiunoni, begani, hadi kwenye mpira. Pasi haitoki mkononi, inatoka chini. Smith alilazimika kujifunza upya kusukuma na mguu usiohisi wala kuitikia kama zamani. Aliweza kwa sababu hakuwa mtu wa kutegemea mkono wa bunduki. Alikuwa mtu wa kusoma mchezo na kuachia mpira mapema.

Na hili la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, ingawa halimo kwenye vitabu vya mifupa. Alex Smith alikuwa amezoea kunyang'anywa nafasi. Mwaka 2005 San Francisco 49ers walimchukua wa kwanza kabisa kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, akitokea Chuo Kikuu cha Utah, wakati Aaron Rodgers alisubiri hadi nafasi ya 24. Msimu wake wa kwanza alitoa pasi 1 ya tachidauni, yaani ya bao, na 11 zikanaswa na wapinzani. Watu walimcheka. Bega likaumia 2007, msimu wa 2008 hakucheza kabisa. Makocha wa mashambulizi wakabadilishwa karibu kila mwaka. Alipokuja kocha Jim Harbaugh mwaka 2011 ndipo akachanua, ushindi 13 na vipigo 3, hadi mechi moja tu kabla ya fainali kuu. Mwaka uliofuata akapigwa kichwani, akatolewa kwa mtikisiko wa ubongo, Colin Kaepernick akaingia, na hiyo nafasi haikurudi tena. Kansas City walimchukua 2013, akawapa misimu mitano mizuri. Mwaka 2017 alimaliza akiwa na alama za ubora wa pasi za juu kuliko kwotabeki yeyote wa ligi, huku benchi akikaa kijana anayeitwa Patrick Mahomes, ambaye Smith alijua wazi kuwa anamfundisha mrithi wake. Hakumnyima kitu. Mahomes mwenyewe amelisema hilo mara nyingi.

Mtu wa namna hiyo akiambiwa "leo zoezi lako ni kusimama kwa mguu mmoja sekunde kumi", analifanya. Halioni kuwa dogo. Vijana wangu wengi ninaowatibu hapo ndipo wanaposhindwa: wanataka kukimbia wiki ambayo wanatakiwa wajifunze kushuka ngazi. Muulize mwanao anafanya mazoezi yake ya nyumbani mara ngapi kwa siku. Jibu lake litakueleza kuhusu Agosti kuliko eksirei.

Sasa maswali yako mengine.

Mfupa ukishaunga haurudi kuwa mgumu kuliko mwanzo. Maneno hayo yana chanzo chake: mwili ukiunga mfupa huweka uvimbe mgumu kuzunguka ufa, na kwa muda sehemu hiyo inaonekana nene kwenye eksirei. Unene huo ni kama zege la haraka. Kisha mwili unaukata na kuuchonga taratibu, kwa miezi na miaka, hadi unakaribia umbo la kwanza. Mfupa ukiunga vizuri unakuwa kama ulivyokuwa, basi. Na wakati chuma kiko ndani, chuma kinabeba sehemu ya mzigo, kwa hiyo kutosikia maumivu akitembea si ushahidi kwamba mfupa umeunga.

Supu ya kongoro mpikie, ina protini na inampa hamu ya kula, lakini haiendi moja kwa moja kuziba ufa. Mwili unaimeng'enya kama chakula kingine chochote. Anahitaji protini ya kutosha kila mlo, maziwa, mboga, jua, na usingizi. Kuna kitu kimoja ambacho kinachelewesha mfupa kuliko kukosa supu, nacho ni nikotini. Kama kijana anavuta, hata zile sigara za umeme zenye harufu ya matunda ambazo wazazi hawazijui, muulize kwa upole na mwambie daktari. Usimfokee, utafungiwa mlango.

Agosti? Kwa kijana wa miaka 16, mvunjiko wa ugoko uliotoboa ngozi na kuwekewa chuma huchukua takriban miezi minne hadi sita kuunga, wakati mwingine zaidi. Kurudi kwenye mchezo wa kugongana kunafuata baada ya hapo, mara nyingi kati ya miezi sita na kumi na miwili tangu kuumia. Agosti itakuwa mwezi wa kumi tangu aumie. Haiko nje ya uwezekano, na baba yake asimwambie kwamba haiwezekani, kwa sababu si kweli. Lakini tarehe si kipimo. Vipimo ni hivi: eksirei ioneshe mfupa umevuka ufa angalau pande tatu kati ya nne, asiwe na maumivu akikanyaga wala akibonyezwa, na mguu wa kulia uweze kuruka na kusukuma kwa karibu asilimia 90 ya wa kushoto. Kisha aanze kurusha akiwa amesimama, halafu akitembea, akikimbia, na mwisho kabisa akikabiliwa. Na yote hayo yanasubiri kitundu. Kama kuna maambukizi kwenye mfupa, saa inaanza upya, na mtu yeyote atakayekuahidi Agosti bila kujua majimaji yale ni nini anakudanganya.

Kuhusu baba yake, namuelewa. Mimi mwenyewe sipendi huu mchezo, na ningekuwa na mtoto anaucheza ningelala na simu mkononi. Lakini kwa uzoefu wangu kijana anayeambiwa "hutacheza tena" huacha mazoezi siku ileile, na mguu usiofanyiwa mazoezi unabaki mwembamba hata kwa kutembea sokoni. Mwacheni na picha yake ukutani. Uamuzi wa kurudi uwanjani mtaufanya wote watatu mwezi wa saba, mkiwa na eksirei mezani na daktari pembeni. Sasa hivi hakuna cha kuamua. Lengo la kwanza la Smith nalo halikuwa uwanja. Lilikuwa kucheza na wanawe watatu uani bila kuchechemea.

Simu kwa daktari iwe leo, mama. Ukishajua ni uzi au ni usaha, niandikie, na uniambie pia jina la bakteria kama wamemwotesha, ili nijue cha kukueleza kuhusu chuma.